Vipimo vya maabara: Jinsi jibu la mgonjwa linavyopatikana

MGONJWA wa homa anapoingia katika zahanati yoyote humu nchini, mjini au kijijini, utaratibu ni ule ule. Huulizwa maswali machache, huandikiwa fomu, kisha huelekezwa kwenye dirisha la maabara. Baada ya nusu saa au zaidi hurejea kwa daktari na fomu hiyo hiyo, ila sasa ina maandishi ambayo aghalabu yeye mwenyewe hawezi kuyasoma. Maandishi hayo ndiyo yatakayoamua iwapo atanunua dawa, atalazwa au atarejea nyumbani.

Yanayotendeka nyuma ya dirisha lile ni fumbo kwa wengi. Wapo wanaoamini kwamba mashine huitazama damu na kuutaja ugonjwa uliomo, mithili ya mpiga ramli na ubao wake. Imani hiyo ndiyo huzaa ombi linalosikika kila siku katika kliniki zetu: "Daktari, nipime kila kitu." Hakuna maabara duniani iwezayo kupima kila kitu. Kila kipimo ni swali moja na hujibu swali hilo pekee. Kipimo cha malaria hakijui lolote kuhusu figo, na kipimo cha sukari kitampita mgonjwa wa kifua kikuu bila kumwona.

Kwa hivyo hatua ya kwanza ya upimaji hufanyika nje ya maabara, katika chumba cha daktari au afisa wa kliniki. Yeye ndiye huchagua swali, na huchagua vyema akimhoji mgonjwa vyema: homa ilianza lini, umesafiri wapi, unakohoa, umekwisha kumeza dawa gani? Mkazi wa Nyeri ambaye hajatoka huko kwa miezi kadhaa na mkazi wa Siaya wanaweza kuwa na homa zinazofanana, lakini uwezekano wa malaria kwao haulingani hata kidogo. Malaria imekita mizizi katika eneo la Ziwa Viktoria na Pwani kuliko nyanda za juu za kati. Tokeo moja la kipimo huwa na uzito tofauti kwa wawili hao. Hili ni jambo ambalo tutalirejelea hapa chini, maana kulipuuza kumewagharimu watu wengi.

Sampuli ikiharibika, jibu huharibika

Wengi hudhani kwamba makosa ya maabara hutokana na mashine mbovu au mtaalamu mzembe. Tafiti za ubora wa maabara katika nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa sehemu kubwa ya makosa hutokea kabla sampuli haijafika mezani: jina huandikwa visivyo, damu hutiwa katika kichupa kisichofaa, mkojo hucheleweshwa njiani. Mashine hupima kile inachopewa. Ikipewa damu ya Juma badala ya ile ya Hamisi, itaipima damu ya Juma kwa usahihi mkubwa.

Ndiyo maana mtaalamu makini humtaka mgonjwa ataje mwenyewe majina yake kamili, pamoja na nambari ya faili au tarehe ya kuzaliwa, badala ya kumuuliza tu, "Wewe ni Wanjiru?" Kwenye benchi la hospitali ya kaunti kina Wanjiru huenda wakawa watano, na mgonjwa aliyechoka huitikia jina lolote linalokaribiana na lake. Kichupa nacho chafaa kuandikwa papo hapo, mgonjwa angali ameketi. Kosa la jina katika kipimo cha sukari laweza kurekebishwa kesho yake. Katika kipimo cha kundi la damu kwa mgonjwa anayesubiri kuongezewa damu, kosa hilo laweza kuua.

Rangi za vifuniko vya vichupa si mapambo. Kichupa cha zambarau kina dawa inayozuia damu kuganda, nacho hutumiwa kuhesabu chembe za damu. Chekundu hakina dawa hiyo, kwani damu huachwa igande ili majimaji yanayojitenga juu yake yapimwe. Cha kijivu kina kemikali inayozizuia chembe kuila sukari iliyomo. Cha samawati hutumiwa kupima jinsi damu inavyoganda, na sharti kijazwe hadi kwenye alama yake, sehemu tisa za damu kwa sehemu moja ya dawa. Mtu akimimina damu kutoka kichupa cha zambarau hadi chekundu kwa kuwa ya pili haikutosha, atakuwa amempa mgonjwa maradhi ya karatasini: dawa ya zambarau hutengenezwa kwa potasiamu, na majibu yatasema potasiamu ya mgonjwa imepanda kiasi cha kutishia moyo wake.

Muda nao hula sampuli. Chembe za damu ni viumbe hai hata zikiwa kichupani, nazo huendelea kujilisha. Damu ikiachwa bila kutenganishwa katika joto la kawaida, sukari yake hupungua kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Fikiria kliniki ndogo isiyo na mashine, inayokusanya damu saa mbili asubuhi na kuituma mjini kwa bodaboda saa saba mchana katika kichupa chekundu. Mgonjwa wa kisukari anaweza kuambiwa kwamba yu mzima.

Mkojo unaotakiwa kwa kuchunguza viini ni ule wa katikati: ule wa kwanza humwagwa, unaofuata hukingwa, wa mwisho huachwa uende. Sharti ufike maabarani katika muda wa saa mbili au uwekwe katika friji, la sivyo bakteria wachache waliotoka katika ngozi watazaana humo na kuonekana kama ugonjwa. Makohozi ya kupima kifua kikuu hutolewa kifuani kwa kukohoa kwa nguvu, hasa asubuhi. Mate hayafai, japo wengi hutema mate kwa haya ya kukohoa mbele za watu. Choo cha kuharisha kinachotafutwa amiba ni cha kuharakishwa kuliko vyote, kwa sababu amiba aliye hai huacha kujongea na kufa baada ya takriban nusu saa. Anayebeba choo kutoka nyumbani tangu alfajiri na kukifikisha saa nne anajisumbua bure.

Mgonjwa akiambiwa afunge kabla ya kupimwa sukari, maana yake ni kutokula kwa saa nane au zaidi. Maji huruhusiwa. Chai ya rangi yenye sukari hairuhusiwi, na uji ni chakula hata ukiwa mwepesi namna gani. Aidha, ni vyema mgonjwa ataje dawa zote anazotumia, zikiwemo za miti shamba na vidonge vya vitamini. Biotini, vitamini inayouzwa sana kwa ajili ya kurembesha nywele na kucha, inaweza kuvuruga vipimo kadhaa vya homoni, vikiwemo vya tezi ya shingo, bila mtaalamu kutambua.

Mezani

Kazi inayofanyika ndani ya maabara ni ya aina nyingi, lakini njia kuu si nyingi sana. Ya kwanza ni kutazama. Mfaransa Alphonse Laveran alikuwa wa kwanza kuviona viini vya malaria, katika damu ya mwanajeshi huko Algeria mnamo 1880. Hadi leo mtaalamu wa maabara hufanya kazi hiyo hiyo: hutandaza tone la damu kwenye kioo, hulitia rangi, kisha hulitazama kwa hadubini. Tone nene humwonyesha kama viini vipo, nalo lililotandazwa jembamba humwonyesha ni vya aina gani. Ni kazi ya macho na subira, na mtu aliye peke yake zamu ya usiku akiwa na vioo sitini mbele yake hawezi kuvitazama vyote kwa utulivu unaohitajika. Mgonjwa ambaye kioo chake hakikuonyesha viini, ilhali dalili zinaendelea, hufaa apimwe tena baada ya saa 12 hadi 24.

Njia ya pili ni ya vipimo vya haraka, vile vijiti vya plastiki vinavyotoa mistari kwa dakika 15 au 20. Kile cha malaria hakitafuti kiini chenyewe bali protini inayotolewa nacho. Protini hiyo huweza kubaki mwilini kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa hivyo aliyetibiwa malaria juzi anaweza kuambiwa ana malaria leo ingawa homa yake ya sasa ina asili nyingine. Mstari wa uthibitisho usipotokea, kipimo ni batili, hata kama ule mwingine umetokea waziwazi.

Tatu ni mashine. Ile ya kuhesabu chembe huzipitisha moja moja katika tundu dogo na kuzihesabu kwa maelfu. Zile za kupima sukari, ini na figo huchanganya majimaji ya damu na kemikali, kisha hupima rangi inayojitokeza kwa kumulika mwanga. Nne ni kuotesha viini: sampuli hutiwa katika chakula cha bakteria na kuwekwa katika joto kama la mwili. Bakteria wengi huota kwa siku moja au mbili, kisha siku nyingine huhitajika ili kujua ni dawa ipi itakayowaua. Wa kifua kikuu huchukua majuma. Njia ya tano ni kutafuta chembe za urithi za kiini, nayo imebadilisha mengi, kama tutakavyoona.

Maabara inayojiheshimu huanza siku kwa kuipima mashine yenyewe. Huipa sampuli ambayo thamani yake inajulikana, na mashine ikikosea hakuna mgonjwa anayepimwa hadi irekebishwe. Aidha hupokea kutoka nje sampuli za mtihani ambazo majibu yake haiyajui, ikatuma matokeo na kulinganishwa na wenzake. Mgonjwa hayaoni hayo, lakini ana haki ya kuuliza kama yanafanyika.

Nambari na maana yake

Karatasi ya majibu huwa na safu ya nambari za mgonjwa na kando yake safu ya viwango vya kawaida. Nambari iliyo nje ya kiwango hutiwa nyota au herufi, na hapo ndipo hofu huanzia. Yafaa kujua kwamba viwango hivyo hupatikana kwa kuwapima watu wengi wenye afya, kisha kuchukua asilimia 95 ya walio katikati. Asilimia 5 ya watu wazima kabisa huachwa nje kwa makusudi. Mtu mwenye afya akifanyiwa vipimo 20 visivyohusiana, uwezekano wa angalau kimoja kutiwa nyota unazidi asilimia 60. Anayenunua "kifurushi cha uchunguzi kamili" bila dalili yoyote hujinunulia pia wasiwasi wa aina hiyo, na gharama za kuufuatilia.

Isitoshe, afya ilipimwa kwa nani? Vitabu vingi vilivyoongoza maabara zetu viliandikwa kutokana na damu ya Wazungu na Wamarekani. Watafiti walipowapima watu wazima wenye afya katika eneo la Kericho na kuchapisha matokeo yao 2008, viwango kadhaa vilitofautiana na vilivyotumika Marekani. Mfano unaojulikana sana ni wa chembe nyeupe aina ya neutrofili: Waafrika wengi huwa nazo chache kiasili bila kuwa wagonjwa. Mwanaume wa Kisumu aweza kuambiwa kinga yake imeshuka kwa sababu tu karatasi ilichapishwa kwa ajili ya mwanaume wa Boston.

Baadhi ya nambari lakini hazitegemei wastani bali mpaka uliowekwa. Sukari ya aliyefunga ikifika 7.0 au zaidi, na ikathibitishwa siku nyingine, ni kisukari. Jamaa aliye Marekani akikuambia kwa simu kwamba sukari yake ni 126, usipigwe na bumbuwazi. Wao hutumia kipimo kingine, na ukigawa nambari hiyo kwa 18 utapata 7.0 ile ile. Kuna pia kipimo kinachoonyesha hali ya sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, ambapo asilimia 6.5 ndiyo mpaka wa kisukari na mgonjwa hahitaji kufunga. Ni kipimo kizuri, ila hakiaminiki kwa wenye ugonjwa wa selimundu, ambao ni wengi Nyanza, Magharibi na Pwani, kwa kuwa chembe zao nyekundu hazidumu muda wa kutosha kukusanya sukari hiyo.

Malaria na taifodi, chanda na pete

Tulisema kwamba kupuuza uzito wa swali kumewagharimu watu wengi. Mfano wake mkubwa humu nchini ni homa ya matumbo, au taifodi kama wengi waitavyo. Ni vigumu kumpata Mkenya mtu mzima ambaye hajawahi kuambiwa kwamba ana "malaria na taifodi". Magonjwa haya mawili yameandamana katika vyeti vyetu kama chanda na pete, utadhani viini vyake husafiri kwa matatu moja.

Kipimo kilichoandika vyeti vingi vya namna hiyo kina jina la Fernand Widal, daktari Mfaransa aliyekieleza mnamo 1896. Hakitafuti bakteria wa homa ya matumbo. Hutafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili huzitengeneza ukipambana na bakteria huyo au jamaa zake. Tone la majimaji ya damu huchanganywa na tone la kemikali, na vikigandamana husemwa kwamba kipimo ni chanya. Hugharimu pesa kidogo, huchukua dakika chache na hakihitaji umeme. Hapo ndipo penye mvuto wake, na penye hatari yake.

Kwanza, kingamwili hudumu. Aliyeugua mwaka juzi anaweza kuwa nazo leo. Pili, bakteria wengine wa ukoo huo, na hata malaria yenyewe, huweza kuzichochea. Katika nchi ambamo watu hukutana na viini hivi kupitia maji na chakula tangu utotoni, kipimo kimoja chanya hakithibitishi kitu. Utaratibu wa vitabuni ni kupima mara mbili, kwa mwachano wa siku 7 hadi 14, na kuangalia kama kiwango kimepanda mara nne au zaidi. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuitwa kupimwa mara ya pili?

Tuchukue hesabu ya mfano tu. Watu 1,000 wana homa, na kati yao 20 wana homa ya matumbo kweli. Kipimo kinawanasa 16 kati ya hao, lakini pia kinamwita mgonjwa mtu mmoja kwa kila kumi wasio nayo. Wasio nayo ni 980, kwa hivyo 98 kati yao wataitwa wagonjwa. Wote watakaopewa dawa ni 114, na wanaoihitaji ni 16. Katika kila watu saba wanaotoka na karatasi yenye neno "chanya", sita wana kitu kingine. Kipimo hakikubadilika, kilichokifanya kitoe uongo mwingi ni uchache wa ugonjwa miongoni mwa waliopimwa.

Hii haimaanishi kwamba homa ya matumbo ni hadithi. Watafiti walioiotesha damu ya wagonjwa wa Kibera jijini Nairobi na wa Lwak, Siaya, kati ya 2007 na 2009 walipata wagonjwa wapatao 247 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Kibera, na 29 huko Lwak. Ugonjwa upo, unaumiza hasa watoto wa mitaa ya mabanda isiyo na maji safi, na mnamo Julai 2025 serikali iliendesha kampeni ya kuwachanja watoto dhidi yake. Hata hivyo, takwimu hizo za Kibera ni sawa na mtu mmoja kati ya 400 hivi kwa mwaka. Hazilingani kamwe na wingi wa vyeti.

Kipimo kinachofaa zaidi ni kuotesha damu, nayo hutolewa kabla mgonjwa hajaanza antibiotiki. Nacho kina upungufu: huwakosa wagonjwa kadhaa, pengine nusu yao, na majibu huchukua siku mbili au zaidi. Lakini kikisema ndiyo, ni ndiyo, tena kitaonyesha dawa itakayofaa. Hilo si jambo dogo, kwani aina za bakteria huyo zinazostahimili dawa kadhaa zimeshuhudiwa Nairobi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Kila anayemezeshwa dawa za taifodi asiyokuwa nayo hulisha usugu huo.

Aliye katika hatari kubwa zaidi ni yule ambaye homa yake imepewa jina lisilo lake. Homa ya mwezi mzima inayotibiwa "taifodi" mara tatu mfululizo huweza kuwa kifua kikuu, maambukizi ya figo au saratani ya damu, na kila duru ya dawa humpotezea majuma. Kipimo cha haraka cha brusela, ugonjwa wa kutoka kwa mifugo, kimezua tatizo la namna hiyo. Watafiti waliokichunguza katika vituo vya afya magharibi mwa Kenya walikuta kwamba kiliwaita wagonjwa watu wengi wasiokuwa nao. Kile cha damu cha kutafuta bakteria wa vidonda vya tumbo nacho husaka kingamwili, ambazo hubaki hata baada ya bakteria kufa. Cha choo kinachotafuta bakteria mwenyewe ni bora.

Linganisha hali hiyo na upimaji wa virusi vya Ukimwi. Huko hakuna anayehukumiwa kwa tone moja. Tokeo la kwanza likiwa chanya, mtu hupimwa tena kwa kifaa cha aina nyingine, na mnamo 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza matokeo matatu chanya mfululizo kabla ya mtu kuambiwa ana virusi. Aliyeambukizwa juzi naye huelezwa kwamba kingamwili zake huenda bado hazijaonekana, arudi baadaye. Mtoto mchanga wa mama mwenye virusi hapimwi kingamwili, kwa kuwa zile za mama huweza kukaa ndani yake hadi miezi 18. Hutobolewa kisigino akiwa na umri wa wiki sita, matone yakakaushwa kwenye karatasi na kutumwa maabara kuu ili virusi vyenyewe vitafutwe. Uangalifu huu wote ulijengwa kwa sababu ilitambuliwa mapema kwamba jibu lisilo sahihi huvunja maisha. Kwa nini homa ya matumbo ihukumiwe kwa tone moja ni swali ambalo kliniki nyingi hazijalijibu. Jibu moja, kwa maoni yangu, ni kwamba anayeuza kipimo mara nyingi ndiye anayeuza dawa.

Kifua kikuu nacho kina habari njema zaidi. Tangu Robert Koch alipomtambua bakteria wake 1882, makohozi yalitazamwa kwa hadubini kwa zaidi ya karne moja, na mgonjwa mwenye bakteria wachache aliachwa bila kuonekana. Desemba 2010 WHO iliidhinisha mashine ya GeneXpert, inayotafuta chembe za urithi za bakteria na kutoa jibu kwa muda usiofika saa mbili, pamoja na kueleza iwapo dawa ya rifampisini itafaa. Ni mashine hizi zilizoenea katika hospitali zetu. Zina kasoro moja ambayo wagonjwa huuliza sana: haziwezi kutumika kufuatilia uponaji, maana huona hata mabaki ya bakteria waliokufa. Ndiyo sababu mgonjwa anayeendelea na matibabu hurudishwa kwenye hadubini ile ya zamani.

Haki ya mwenye damu

Maabara za matibabu humu nchini, pamoja na wanaofanya kazi ndani yake, husajiliwa na bodi ya KMLTTB iliyoundwa kwa sheria ya 1999. Leseni ya maabara yafaa kuwa mahali inapoonekana. Baadhi ya maabara zimepiga hatua zaidi na kupata ithibati ya kimataifa ya ISO 15189, ambayo hapa nchini hutolewa na shirika la KENAS. Ithibati hutolewa kwa vipimo vilivyotajwa, kwa hivyo muulizaji aulize kama kipimo chake kimo katika orodha.

Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, uchunguzi uliopo, faida, hatari na gharama zake, na kwa lugha anayoielewa inapowezekana. Sheria ya Ukimwi ya 2006 inapiga marufuku kumlazimisha mtu kupimwa virusi, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inayahesabu maelezo ya afya kuwa siri ya kulindwa kwa namna ya pekee. Kumtajia mgonjwa majibu yake kwa sauti dirishani huku foleni ikisikiliza ni kuikiuka haki hiyo, hata kama majibu ni ya minyoo. Kuhusu malipo, NHIF ilikoma na SHA ikaanza Oktoba 2024, na mgonjwa hufanya vyema kuuliza kabla ya kutobolewa ni kipimo kipi kinacholipiwa na kipi atalipa mwenyewe.

Maswali ya kumuuliza daktari si mengi. Kipimo hiki kinatafuta nini? Kikiwa chanya utafanya nini, na kikiwa hasi utafanya nini? Ikiwa matibabu ni yale yale kwa vyovyote vile, basi pesa zina kazi nyingine. Nakala ya majibu ni ya kuombwa na kuwekwa katika faili nyumbani, maana nambari ya leo huwa na maana zaidi ikiwekwa kando ya ile ya mwaka jana, hasa ikiwa imetoka katika maabara ile ile.

Uchunguzi wa saratani huhitaji subira ya aina yake. Kinofu kilichokatwa mwilini hutiwa katika formalini, hukaushwa maji, huzamishwa katika nta, kisha hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele na kutazamwa na mwanapatholojia. Wataalamu hao ni wachache na wengi wao wamo mijini, kwa hivyo siku hugeuka majuma. Anayetaka maoni ya mtaalamu wa pili hahitaji kukatwa tena. Donge la nta huhifadhiwa maabarani kwa miaka, laweza kuombwa pamoja na vioo vyake, na kukatwa kipande kipya kwa ajili ya jicho jingine.